Jini ya pinki nyumbani: ununue chupa ya pinki, au upinki uutie mwenyewe?

Ingia duka lolote la mvinyo Kampala, liwe la Ntinda au la Kabalagala, sema unataka jini ya pinki, na muuzaji atanyoosha mkono kwenye rafu bila kufikiri. Atakushushia Gordon's ya pinki, au Beefeater ya pinki, utalipa, mtaagana. Hakuna kosa hapo. Ila bilauri ya pinki hufika mezani kwa njia nyingine mbili pia, na mojawapo ni ya zamani kuliko chupa zote hizo. Njia hizi tatu hazifanani kwa ladha wala kwa bei. Zaidi ya yote hazifanani kabatini, baada ya wageni kuondoka na chupa kubaki nusu, na huko kabatini ndiko pesa za wengi zinakopotelea.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa nyumba nyingi za huku, jini inunuliwe nyeupe, upinki uingie kwenye bilauri. Chupa iliyokuja na upinki wake ina mahali pake pia, nami nitapataja.

Chupa ya dukani

Gordon's ya pinki ilitoka Uingereza mwaka 2017, na kampuni yenyewe husema wazo lilitokana na mapishi yake ya miaka ya 1880. Ndani kuna stroberi, rasiberi na matunda mengine mekundu. Beefeater ikafuata mwaka 2018 na yake ya stroberi. Lakini kabla ya hao wote, Wahispania wa Seville walikuwa tayari wanauza jini ya stroberi ya Puerto de Indias, na Hispania ndiko jini inakonyweshwa kwenye bilauri kubwa lenye tumbo na barafu mpaka juu. Kwa hiyo mtindo huu unaouona kwenye harusi za Kampala ulizunguka kidogo kabla ya kutufikia.

Gordon's na Beefeater za pinki zote mbili zina kilevi cha 37.5%. Kwa sheria za Ulaya, hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha kinywaji kuitwa jini. Kariri namba hiyo ukienda dukani, kwa sababu rafu hiyohiyo hukaa chupa nyingine za pinki zenye picha za matunda zilezile, ukigeuza lebo unakuta 20% au 25%. Hizo ni likeri, pombe tamu yenye sukari nyingi, na Ulaya kwa kawaida likeri hutakiwa kuwa na angalau gramu 100 za sukari kwa lita. Si mbaya juu ya aiskrimu. Lakini ukiimimina kwa kipimo cha jini na kuongeza toniki, unapata sharubati yenye kilevi kidogo, na bei mara nyingi haipishani sana na ile ya jini yenyewe.

Ladha? Stroberi mbele, utamu katikati, na juniperi, yale matunda madogo yanayoipa jini harufu yake ya msituni, yamekaa nyuma kabisa. Ndiyo maana inawapata watu ambao jini ya kawaida wanaiona kama manukato. Mgeni ambaye hajawahi kunywa jini ataikubali hii kwa bilauri la kwanza. Hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni huohuo: mtu anaona kinywaji kitamu cha rangi ya pipi, anasahau kuhesabu.

Wauzaji wetu nao wana maneno. "Nyabo, hiyo ni ya kina mama," nimeambiwa mara si haba, na mume wa mtu akisimama kando ananyamaza, anachukua wiski ambayo haitaki. Angejua jini ya pinki ilikuwa ya nani, angebeba kreti nzima.

Ile ya mabaharia

Ilikuwa ya maofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Daktari Mjerumani, Johann Gottlieb Benjamin Siegert, alitengeneza dawa yake ya tumbo mwaka 1824 katika mji wa Angostura nchini Venezuela, mji ambao leo unaitwa Ciudad Bolívar. Dawa ikapanda meli, mabaharia wakaitumia kutuliza tumbo baharini, na kwa kuwa ni chungu kama mwarobaini, maofisa wakaichanganya na jini waliyokuwa nayo, hasa ile ya Plymouth. Matone machache yaliipa jini rangi hafifu ya waridi lililokaushwa. Baadaye biashara ya Siegert ilihamia Trinidad, na hadi leo dawa hiyo, iitwayo Angostura kwa jina la mji ule, inatoka huko, kwenye chupa ndogo yenye lebo ya karatasi iliyozidi shingo kana kwamba fundi alikosea vipimo.

Namna ya kuitengeneza haimalizi dakika. Weka bilauri dogo kwenye friza. Likipata ukungu, dondosha matone manne au matano ya Angostura, lizungushe hadi yapake kuta, kisha amua: yamwage au yaache. Mimina mililita 50 za jini kavu, yaani isiyo tamu, iliyopoa sana. Basi. Hakuna soda wala sukari, na tunda pekee linaloruhusiwa ni ganda la limau. Anayeiona kali aiongezee maji baridi kiasi sawa na jini.

Nilimpa shemeji yangu kutoka Bukoba, akanywa kidogo, akaliinua bilauri kwenye taa. "Shemeji, hii ni pombe au nimeanza kutibiwa?" Akaimaliza, lakini hakuomba ya pili, na nadhani hiyo ndiyo tathmini ya haki. Hiki ni kinywaji cha mtu mmoja kabla ya kula, kisichoendana na kelele. Kinachokipa maana zaidi ni chumvi. Msimu wa senene unapofika mwezi wa Novemba, zikakaangwa na kitunguu na chumvi zikiwa bado za moto, hakuna jini tamu inayoziweza. Hii ya uchungu inaziweza.

Kwa gharama, njia hii inashangaza. Angostura huuzwa kwenye maduka makubwa na yale ya mvinyo mjini, na ukitazama udogo wa chupa bei utaiona ya juu. Lakini unatumia matone. Chupa ya mililita 200 itahudumia nyumba yako kwa muda mrefu sana, na kwa kuwa yenyewe ina kilevi cha 44.7% haichachi wala haitaki friji. Kwa mpishi wa nyumbani ina kazi nyingine: matone mawili kwenye maji ya soda yenye ndimu baada ya kushiba matooke, nawe utaelewa kwa nini daktari yule alitajirika.

UG na rosela, au stroberi za Nakasero

Sasa njia ninayoipenda, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa.

Unaanza na jini nyeupe. Inaweza kuwa ya nje, lakini hakuna sababu ya kuidharau Uganda Waragi, ambayo kila mtu anaiita UG. Ina historia kuliko wengi wanavyodhani: sheria ya mwaka 1965 kuhusu enguli, pombe kali ya kienyeji, iliwataka wapikaji wawe na leseni na kuiuza pombe yao kiwandani isafishwe, na ndipo UG ilipozaliwa. Juniperi yake ni nyepesi, na kwa kazi hii wepesi huo ni faida, maana tunda linapata nafasi. Chukua ile ya kawaida. Zile zilizotiwa nazi au nanasi tayari zina ladha ya mtu mwingine ndani.

Ninaposema waragi nasema ya kiwandani, yenye lebo. Waragi ya kijijini isiguswe kwa kazi hii hata kama mwuzaji ni mjomba wako. Mwaka 2010 watu wengi walikufa upande wa Kabale kwa waragi iliyokuwa na methanoli, na sumu hiyo haionekani, hainuki tofauti, wala haiondoki ukiloweka matunda ndani yake. Rangi nzuri ya pinki itaificha tu.

Rangi unaweza kuipata kwa rosela au kwa tunda.

Rosela kavu, yale maua mekundu meusi yanayouzwa kwa kipimo sokoni, ndiyo rahisi zaidi. Chemsha kikombe kimoja kwenye nusu lita ya maji kwa dakika kumi, chuja, rudisha jikoni na sukari robo tatu ya kikombe hadi iyeyuke, acha ipoe. Una sharubati nyekundu ya kutosha sebule nzima. Kwa bilauri moja: barafu hadi juu, mililita 50 za jini, vijiko viwili vya chakula vya sharubati, kisha toniki.

Hapa kuna kitu cha kutazama kwa karibu. Ukitumia maji ya soda badala ya toniki, rangi inakuja imefubaa, inaelekea zambarau chafu. Kamulia nusu ndimu juu yake. Matone yanaposhuka, rangi inaamka kuanzia juu, utepe wa pinki angavu unateremka kati ya vipande vya barafu hadi bilauri lote limebadilika. Rangi ya rosela inapenda asidi, na toniki ina asidi nyingi kuliko maji ya soda, ndiyo maana yenyewe haihitaji msaada sana. Watoto wa kidato cha pili wanafundishwa jambo hilihili kwa karatasi ya litmasi.

Tunda linataka subira kidogo. Stroberi hupatikana soko la Nakasero, nyingine zinatoka nyanda za juu za magharibi, na hazihitaji kuwa kubwa wala nzuri, zinahitaji kuiva. Kata gramu 200 katikati, tia kwenye mtungi wa kioo uliosafishwa kwa maji ya moto, mimina nusu lita ya jini hadi zizame zote, funga, weka kabatini gizani. Tikisa mara moja kwa siku. Siku ya tatu au ya nne stroberi zimepauka kama karatasi na jini imechukua kila kitu. Chuja kwa kitambaa safi bila kukamua. Ukikamua inakuwa na ukungu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: jini yako imepungua nguvu. Stroberi ni maji karibu yote. Jini ya 40% iliyokaa na kiasi hicho cha matunda inaweza kushuka hadi karibu 30%. Bado ni pombe ya kutosha kuzuia uharibifu, lakini si ile uliyonunua, na kwa kuihifadhi itabidi uitendee tofauti, kama utakavyoona mbele.

Mbali na stroberi kuna zambarau, jjambula wenyewe wanavyoziita hapa, ambazo hutoa rangi ya ajabu kabisa lakini pia ule ukakasi unaokausha ulimi, kwa hiyo ziache siku moja tu. Forosadi zinafanya kazi nzuri sana ukibahatika kuwa na mti jirani. Tikiti maji sikushauri: rangi inakufa haraka na ladha inabaki ya tango. Viazisukari, yaani bitiruti, vinatoa pinki ya kutisha na harufu ya shamba baada ya mvua. Mwenye kuipenda aipende.

Kuna faida moja ya rosela ambayo chupa ya dukani haitaifikia kamwe. Kwenye meza zetu Waswahili wa Kampala hakukosi ndugu asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari yake. Rosela na toniki bila jini inafanana kwa kila kitu na ya mwenzake. Hakuna anayepewa soda ya chupa kama mtoto wakati wenzake wanashika bilauri refu lenye ndimu. Ila weka alama ya uhakika, kwa mfano majani ya minti kwa ambazo hazina pombe peke yake, na vijiti au majagi mawili tofauti, kwa sababu kumchanganyia mtu kwa bahati mbaya ni kosa lisilosameheka kirahisi.

Kipimo, barafu na kinachofuata

Mzinga wa mililita 750 una toti 15 za mililita 50. Hiyo ndiyo hesabu ya bajeti, na hapo ndipo chupa ya nje inapouma, kwa kuwa bei yake ni mara mbili ya UG au zaidi. Wageni wanane wenye kiu, chupa imekwisha kabla muchomo haijageuzwa.

Ununue kile kikombe kidogo cha kupimia. Toti ya mililita 50 ya 37.5% ina karibu mililita 19 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita ya 5% ina 25. Yaani bilauri moja iliyopimwa ni nyepesi kuliko bia kubwa. Lakini mkono wa mwenye nyumba mkarimu haumimini 50, unamimina 80, na hapo tayari umepita ile bia huku mnywaji akidhani anakunywa kitu cha stroberi. Wanaoendesha wakumbuke polisi wa kawunyemu, wale wanaopima madereva ulevi, hawajali rangi.

Chupa tamu ya pinki inataka kitu kikavu au kichungu: mililita 150 za toniki, au nusu toniki nusu maji ya soda. Krest ya limau chungu inaiweza vizuri kuliko inavyosifiwa. Sprite ndiyo inayoombwa na wengi, nami naitoa nikiombwa, lakini utamu juu ya utamu hauna mwisho mzuri. Jini yenye rosela tayari ina sukari ya kipimo chako, kwa hiyo toniki inatosha. UG iliyolowekwa stroberi bila sukari inavumilia hata Stoney, na tangawizi ile inaamsha tunda.

Kuhusu toniki, tuondoe hadithi moja. Kila baraza lina mtu wa kusema kwamba inakinga malaria. Kwinini ya kwenye toniki imewekewa kikomo, na Marekani kwa mfano haivuki miligramu 83 kwa lita. Dozi ya mtu mzima kwa tiba ya kwinini ni miligramu 600 mara tatu kwa siku. Ungehitaji zaidi ya lita 20 za toniki kila siku. Tundika chandarua.

Toniki inunuliwe kwenye chupa ndogo au makopo. Ile kubwa ya lita moja, kufikia bilauri la nne imeshalala, na jini iliyo kwenye toniki iliyolala ni maji ya sukari. Mimina jini juu ya barafu kwanza, toniki ifuate taratibu ukiinamisha bilauri, koroga mara moja tu.

Barafu ndiyo huharibu jini nyingi za nyumbani kuliko jini yenyewe. Friza iliyolala na sangara au mukene inagawa harufu yake kwa kila kitu kilicho wazi. Tengeneza barafu kwa maji yaliyochemshwa, ifunge kwenye mfuko ikishaganda, itumie ndani ya wiki. Siku ya wageni ni salama zaidi kununua mfuko wa barafu dukani, hasa kwa jinsi umeme unavyopenda kukatika saa mbili kasoro. Na jaza bilauri. Vipande viwili vinayeyuka upesi na kuzimua kinywaji. Bilauri lililojaa hukaa baridi na kuyeyuka polepole.

Kabatini

Jini nyeupe haina matatizo. Isimame wima, kwa sababu kilevi kikali hula kizibo cha koki, ifungwe vizuri, ikae mbali na jua, na miaka itapita bila wewe kuona tofauti kubwa. Angostura ni hivyohivyo.

Chupa ya pinki ni habari nyingine. Rangi na harufu za matunda mekundu zinachoka kwa mwanga, joto na hewa, na chupa zenyewe hutengenezwa kwa kioo kisicho na rangi ili zivutie macho, kwa hiyo mwanga unaingia upendavyo. Sisi nasi tunazipanga kwenye kabati la vioo sebuleni, jua la saa tisa likiingia dirishani, kwa sababu zinapendeza. Baada ya miezi michache pinki imekuwa rangi ya samoni, kisha ya chai hafifu. Haitakuumiza. Ila kile ulicholipia, harufu ya stroberi mbichi, kimeondoka, kimebaki kilevi na sukari.

Ukishaifungua jipe miezi mitatu hadi sita ya kuimaliza ikiwa nzuri. Mlango wa friji unafaa sana, maana kuna giza na ubaridi pamoja. Ikibaki robo, ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo ili hewa ipungue. Friza haitaigandisha, kwa kuwa friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri na pombe ya 37.5% inahitaji baridi zaidi ya hapo, lakini ubaridi mkali huo unazima harufu, na chupa hii haina kingine cha kujivunia. UG na jini kavu ya mabaharia ndizo zinazofaidika na friza.

Joto hutegemea unakoishi pia. Kabale chupa inaweza kukaa juu ya meza na isijue. Gulu au Arua, kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari, kabati la juu jikoni linageuka tanuri mchana, na chupa ya pinki humo haitafika Krismasi.

Ulichotengeneza mwenyewe kina muda mfupi zaidi. Jini iliyolowekwa stroberi ikae friji na inywewe ndani ya mwezi mmoja au miwili. Sharubati ya rosela, wiki mbili hadi tatu, na umeme ukikatika siku nzima uinuse kabla ya kuitumia. Njia salama zaidi ni kuigandisha kwenye trei ya barafu: kipande kimoja kikubwa ndani ya bilauri kinatoa rangi kadiri kinavyoyeyuka, na bilauri linaanza jeupe na kumalizika la pinki bila wewe kufanya kitu.

Kwa vyovyote vile, usihifadhi jini ya pinki kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto hawezi kuitofautisha na juisi ya stroberi, na kiasi kidogo tu cha pombe kali kinaweza kumshusha mtoto sukari ya mwilini kwa hatari. Juu, pamefungwa, na kwenye chupa yake.

Ukiwa dukani

Tazama alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na stempu ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato. Stempu hiyo husomwa kwa simu kupitia programu ya Kakasa, na muuzaji mwaminifu hatachukia ukiijaribu mbele yake. Kizibo kilegevu, lebo iliyobandikwa upande, pinki inayopishana na ya chupa jirani: rudisha. Chupa tupu za pombe za nje zina soko kwa wanaojaza za bandia, kwa hiyo yako ikiisha, chana lebo kabla ya kuitupa. Pakiti za plastiki zilipigwa marufuku mwaka 2019, na kifungashio cha chini sasa ni mililita 200. Kichupa hicho kina manufaa kwa kazi yetu: unaweza kujaribu rosela, zambarau na forosadi bila kufungua mzinga.

Nani achukue ipi? Una sherehe ya watu kumi na zaidi, wengi wao si wanywaji wa jini, na una uhakika chupa itaisha usiku huo: nunua ya pinki, ndipo mahali pake, na ukinunua mbili hazitakaa hadi zipauke. Zawadi pia, kwa sababu inapendeza mkononi. Unakunywa bilauri moja Ijumaa jioni, na chupa yako hukaa miezi: jini nyeupe na rosela, bila kusita. Unapenda kahawa chungu isiyotiwa sukari: tafuta Angostura, achana na wengine wote. Hujui wageni watakuwa nani: UG moja, jagi la rosela, toniki za kutosha, kila mtu ajipimie.

Na kama tayari kuna chupa ya pinki iliyopauka nyuma ya kabati, usiimwage. Ichemshe kwenye sufuria ndogo na sukari kidogo na maji ya pasheni hadi ibaki nusu, dirisha likiwa wazi na moto mdogo kwa sababu mvuke wake unawaka, kisha mwagia juu ya nanasi la Kayunga lililopoa. Kilevi kitapungua, hakitaisha chote, kwa hiyo sahani hiyo ni ya watu wazima. Zile stroberi ulizochuja kwenye mtungi nazo zinaingia humo humo.